Wanazungumza, au Kila Mmoja Anasema Peke Yake? Sitari, Gita na Swali la Chisenga

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kujadili jambo ambalo mwanzoni litaonekana kuwa mbali na madarasa yetu ya Kiswahili. Jambo lenyewe ni sitari ya India, na jinsi ilivyokutana na jazi na muziki wa pop wa nchi za Magharibi. Tunaomba mtuvumilie. Tutaanzia Ziwa Mweru, nchini Zambia, twende London na New York, tupite Mombasa kwa ufupi, kisha turudi ziwani. Tumefuata njia hiyo kwa sababu swali linaloongoza makala haya hatukulipata kitabuni wala kwa mhadhiri mwenzetu. Tulilipata kwa mzee mvuvi.

Tulikuwa kisiwani Chisenga, wilaya ya Nchelenge, upande ambao mto Luapula unakaribia kumwaga maji yake ziwani. Tulikwenda huko pamoja na wanafunzi wachache kusikiliza Kiswahili kinachovuka maji kutoka Katanga pamoja na biashara ya samaki. Jioni moja wanawake walikuwa wakikusanya chisense, yaani dagaa wa ziwa lile, waliowaanika tangu asubuhi, na vijana walikuwa wakitayarisha taa za kuvulia usiku. Mwanafunzi wetu mmoja alifungua simu yake akatusikilizisha rekodi ya mwaka 1962 ambamo Ravi Shankar anapiga sitari na Mmarekani Bud Shank anapuliza filimbi, wakicheza mada ya muziki wa filamu ya Kibengali iitwayo *Pather Panchali*.

Mzee mmoja alisogea kusikiliza. Tulimwita bashikulu, kama adabu ya Kibemba inavyotaka. Alisikiliza hadi mwisho akaomba irudiwe. Iliporudiwa, aliuliza kwa Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa kama wale wapigaji wawili wanazungumza, au kila mmoja anasema peke yake.

Wanafunzi walicheka. Sisi hatukucheka, kwa kuwa hatukuwa na jibu. Tangu siku hiyo tumelitumia swali lile kuwa kipimo, na tunaona kwamba linapima vizuri kuliko maneno mawili ambayo wanafunzi wetu hupenda kuyaandika kila wanapokutana na sanaa iliyochanganyika. Neno la kwanza ni "kuharibika" na la pili ni "maendeleo". Yote mawili ni hukumu inayotolewa kabla ya kusikiliza.

Sitari ni chombo cha namna gani?

Sitari ina shingo ndefu na tumbo la kibuyu. Nyuzi zake za juu, ambazo ni 6 au 7, hupigwa kwa kikwaruzo cha waya kinachovaliwa kwenye kidole cha shahada. Chini ya hizo zimo nyuzi nyingine nyembamba, 11 hadi 13, ambazo aghalabu hazipigwi. Hutetema zenyewe zikiitwa na sauti za juu. Ndizo zinazofanya sitari isikike kana kwamba inaimba ndani ya chumba kikubwa. Vizuizi vya shingoni ni vya chuma kilichopindwa na vinaweza kusogezwa. Mpigaji huuvuta uzi kando juu ya kizuizi, sauti ikapanda na kushuka bila kukatika, kama sauti ya mwimbaji. Jina la chombo hiki linatoka katika Kiajemi na maana yake ya asili ni nyuzi tatu, hivyo Mswahili akisikia "sita" asidhani kuwa ni hesabu yake.

Hata hivyo, chombo ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni utaratibu unaokiongoza. Raga si wimbo, wala si orodha ya sauti tu. Raga hueleza ni sauti zipi zitumike, zipandeje, zishukeje, ipi isisitizwe, na mara nyingi ni saa gani ya mchana au ya usiku ipigwe. Tala ni mzunguko wa mapigo. Ule unaojulikana zaidi, tintal, una mapigo 16. Mpigaji huanza polepole bila ngoma, akiifungua raga sauti moja baada ya nyingine. Ngoma za tabla huingia baadaye. Wakati wote ipo sauti moja ya nyumbani inayoshikiliwa, na kila safari hurejea pale pale. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Muziki wa Magharibi umejengwa kwa namna tofauti. Huzipandanisha sauti kadhaa kwa wakati mmoja, kisha huhama kutoka kundi moja la sauti kwenda jingine, na uzuri wake hutokana kwa sehemu kubwa na kuhama huko. Raga haihami. Mpigaji wa jazi aliyezoea kuhama na mpigaji wa sitari aliyezoea kukaa wanapokutana, wanaotazamana si watu wawili wenye vyombo tofauti tu, bali ni sarufi mbili.

Hapa ndipo mwalimu wa lugha anapopata la kusema. Sisi tunajua kwamba kukopa neno na kukopa sarufi ni mambo mawili. Tunajua pia kwamba neno la mkopo halihesabiki kuwa limehamia mpaka lianze kutii upatanisho wa kisarufi wa wenyeji. Kiswahili kilipolichukua neno "kitabu" kutoka Kiarabu, hakikuchukua wingi wake wa Kiarabu. Kiliisikia silabi ya kwanza kuwa ni kiambishi chake chenyewe, kikasema "vitabu", na tangu hapo kitabu kimekuwa kizuri na vitabu vimekuwa vizuri. Hayo ni mazungumzo: mgeni ameleta neno na mwenyeji ameleta ngeli. Tuishike tofauti hii tunapoingia studio za London.

London 1965: sauti iliyotangulia sarufi

Ravi Shankar alizaliwa Varanasi mwaka 1920. Utotoni alizunguka Ulaya na kikundi cha dansi cha kaka yake Uday, kwa hiyo majukwaa ya Magharibi aliyajua kabla hajawa mpigaji wa sitari. Mwaka 1938 aliacha maisha hayo, akaenda Maihar kukaa chini ya mwalimu Allauddin Khan na kujifunza kwa miaka kadhaa. Kuanzia mwaka 1956 alirejea Ulaya na Marekani, safari hii akiwa bingwa anayewaeleza wasikilizaji raga ni nini kabla ya kuipiga.

George Harrison wa Beatles aliikuta sitari mwaka 1965 wakati kundi lake likipiga filamu. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo aliipiga katika wimbo "Norwegian Wood". Hakuwa amefundishwa na mtu. Ukiusikiliza wimbo huo kwa kipimo cha Chisenga, utasikia sitari ikifuata njia iliyokwisha kukatwa na gita. Hakuna uzi unaovutwa mbali, na hakuna mzunguko wa mapigo unaoletwa na chombo chenyewe. Ukiiondoa sitari, wimbo unabaki mzima, umepungukiwa na pambo tu. Pambo hilo ni zuri, na hatuna sababu ya kulidharau. Ila hapo hapajawa na mazungumzo, kwa kuwa mmoja anasema na mwingine anarudia.

Waliofuata walirudia zaidi. Mwaka 1966 Brian Jones wa Rolling Stones aliitia sitari katika "Paint It Black". Kabla miaka ya 1960 haijaisha, kiwanda cha Marekani kilikuwa kikiuza gita la umeme lenye daraja lililotengenezwa makusudi litoe mlio unaofanana na wa sitari. Mpigaji wa gita hakuhitaji kujifunza jambo lolote jipya. Mkono ulikuwa ule ule, sarufi ile ile, na mlio tu ndio uliokuwa wa mkopo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mitindo ilipobadilika, mlio ule ulivuliwa kama vazi la msimu.

Tukiishia hapo, hata hivyo, tutakuwa tumemdhulumu Harrison. Mwezi wa Juni 1966 alikutana na Shankar, na baadaye mwaka huo alikwenda India kujifunza. "Love You To" ya mwaka 1966 inaanza polepole bila ngoma, kama raga inavyofunguliwa, kisha tabla inaingia. Katika "Within You Without You" ya mwaka 1967 wanasikika wanamuziki wa Kihindi waliokuwa wakiishi London, na wimbo unaishikilia sauti yake ya nyumbani bila kukimbilia kuhama. Huu si ubingwa, na mwenyewe hakudai kuwa bingwa. Ni mwanafunzi anayejaribu kuunda sentensi katika lugha ya watu, pengine kwa kukosea. Mwalimu yeyote wa lugha anajua kwamba sentensi yenye kosa aliyoiunda mwanafunzi mwenyewe ina thamani kuliko salamu kumi alizozikariri.

Wasikilizaji nao walikuwa na safari yao. Tarehe 1 Agosti 1971 huko New York lilifanyika onyesho kubwa la kuwasaidia wakimbizi wa Bangladesh, lililoandaliwa na Harrison kwa ombi la Shankar. Shankar na wenzake walipomaliza kulinganisha nyuzi zao, ukumbi mzima ulipiga makofi. Watu walidhani wamekwisha kusikia kipande cha kwanza. Shankar aliwashukuru, akawaambia kwa upole kwamba ikiwa wamefurahia kulinganishwa kwa nyuzi, anatumaini watafurahia zaidi muziki wenyewe. Kisa hiki husimuliwa ili watu wacheke. Sisi tunakisoma kama mfano wa msikilizaji anayependa mlio wa lugha asiyoijua: anaipenda kwa moyo, lakini hajui sentensi inaanzia wapi.

Jazi: sarufi iliyotangulia sauti

Upande wa jazi mambo yalikwenda kinyume. John Coltrane alirekodi kipande alichokiita "India" mwezi wa Novemba 1961, katika klabu ya Village Vanguard mjini New York. Humo sitari haimo. Zimo besi mbili zinazoishikilia ardhi moja huku saksafoni ya Coltrane ikipanda, ikishuka na kurejea. Makundi ya sauti hayahamihami kama jazi ya miaka iliyotangulia ilivyopenda. Coltrane alikuwa ameyasikiliza mafunzo ya raga akayatia katika chombo chake mwenyewe, kwa lafudhi yake mwenyewe. Heshima aliyokuwa nayo kwa Shankar ilikuwa kubwa hata mwanawe aliyezaliwa mwaka 1965 akampa jina la Ravi. Coltrane alifariki mwezi wa Julai 1967.

Tunadiriki kusema kwamba "India", kipande kisicho na sitari, kimekutana na sitari kwa undani kuliko "Norwegian Wood" yenye sitari. Hili ndilo jambo ambalo wanafunzi wetu huona ugumu kulikubali, kwa sababu wamezoea kuhesabu athari kwa kuhesabu vitu vinavyoonekana. Katika uhakiki wa riwaya pia hufanya hivyo. Wakiona jina la Kiarabu au methali ya pwani, huandika "athari", lakini hawaulizi masimulizi yenyewe yamepangwa kwa utaratibu wa nani.

London nako kulikuwa na jaribio jingine. Mwaka 1966 ilitoka *Indo-Jazz Suite*, kazi ya Joe Harriott, mpiga saksafoni mzaliwa wa Jamaika, na John Mayer, mtunzi mzaliwa wa Calcutta. Mayer alitunga vipande akifuata raga, na vikundi viwili vya wapigaji, wa jazi na wa Kihindi, viliketi pamoja. Ni kazi ya uaminifu, na bado inafaa kusikilizwa. Masikioni mwetu, hata hivyo, mara nyingi vikundi hivyo vinapokezana zamu: jazi imalize, India ianze. Kupokezana zamu ni adabu njema ya baraza, lakini mazungumzo hudai zaidi ya adabu. Hudai kwamba alichokisema mwenzako kibadilishe unachokwenda kusema.

Jambo hilo tunalisikia kwa ukamilifu katika kundi la Shakti lililoanzishwa miaka ya 1970. Humo Mwingereza John McLaughlin alipiga gita pamoja na L. Shankar wa fidla, Zakir Hussain wa tabla na Vikku Vinayakram, ambaye chombo chake ni chungu cha udongo. Sitari haimo hapa pia. McLaughlin alitengenezewa gita lililoongezwa nyuzi za kutetema zenyewe, na shingo yake ilichongwa mabonde kati ya vizuizi ili uzi uweze kuvutwa. Linganisheni gita hili na lile la kiwandani. Lile lilijifunza mlio wa sitari ili mkono usijifunze kitu. Hili lilibadilishwa mwili ili mkono uweze kujifunza.

Pwani yetu

Wasomaji wa pwani watatuuliza kwa nini tunakwenda mbali hivyo ilhali muziki wa India uko mlangoni petu. Wana haki. Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na huko Mombasa tabla na taishokoto, chombo cha vitufe chenye asili ya Japani, viliingia katika taarabu. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijulikana kwa kuimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi. Zein l'Abdin, aliyefariki mwaka 2016, alijulikana kwa udi na mahadhi yenye mizizi ya Lamu na Arabuni. Wapenzi wa taarabu hupenda kuwapambanisha wawili hawa, na aghalabu hoja huwa kwamba mmoja aliiga na mwingine alihifadhi.

Kwa kipimo chetu, hoja hiyo haitoshi. Ni kweli kwamba Bhalo aliyachukua mahadhi mazima. Lakini mengi ya mashairi aliyoyaimba ni ya Ahmad Nassir, na shairi la Ahmad Nassir halikubali kuvunjwa. Lina mizani yake, vina vyake na kipande chake. Mahadhi kutoka Bombay yalipofika Mombasa yalilazimika kuungoja mshororo umalize, yakapinda pale kina kilipotaka kutua. Mgeni alileta sauti na mwenyeji akaleta arudhi. Mwanafunzi anayetaka kujua kama huo ni uigaji au mazungumzo aache kubishana. Ahesabu mizani huku akisikiliza.

Kurudi Mweru

Sasa turudi ziwani. Katika karne iliyopita samaki wa Mweru na Luapula waliwalisha wafanyakazi wa migodi ya Katanga na ya Ukanda wa Shaba. Samaki walikwenda migodini, na mishahara ya migodini ikarudi vijijini pamoja na baiskeli, santuri na magita. Gita ni chombo cha Kizungu kama sitari ilivyo chombo cha India, na lilifika hapa bila mwalimu, kama sitari ilivyomfikia Harrison.

Sikilizeni basi lilivyopokewa. Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya huko Katanga, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi. Kipande chake "Masanga" kinapigwa kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba linakwenda na mwendo wake chini, kidole cha shahada kinakwenda na mwendo wake juu, na miendo hiyo miwili inavutana hata msikilizaji asijue ahesabu mbili au tatu. Mvutano huo haukutoka Hispania pamoja na gita. Ni utaratibu wa ngoma na vyombo vya Afrika ya kati, ambamo kila mkono una neno lake na maana hutokea katikati. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu David Rycroft alichapa uchambuzi mrefu wa upigaji huo, sauti kwa sauti. Mwaka 1969 Mwenda alipanda jukwaa la tamasha la Newport huko Marekani, na kiangazi hicho hicho Ravi Shankar alipiga Woodstock. Dunia inakumbuka safari moja kati ya hizo mbili.

Katika Luapula, upande wa Zambia, mkutano huo ulizaa kalindula. Jina hili kwanza ni la chombo, besi ya nyuzi iliyotengenezwa kwa mkono, kisha likawa jina la muziki wote. Wenzake walikuwa magita ya kujitengenezea ambayo wenyeji huyaita banjo, yenye mwili wa mbao au bati na nyuzi zilizotolewa hata kwenye waya za breki za baiskeli. Katika miaka ya 1970 bendi nyingi za mijini Zambia zilikuwa zikipiga roki. Mwimbaji wa bendi ya Witch, Emmanuel Chanda, aliitwa Jagari kutokana na Mick Jagger, na walimu wa fonolojia watafurahi kuona jina la Mwingereza likipewa irabu ya mwisho ili liweze kutamkika kwetu. Rais Kaunda alipoagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Zambia, wapigaji walihimizwa kutazama nyuma vijijini, na kalindula ikapanda jukwaani na magita ya umeme. Shalawambe walitoka Mansa, Luapula kwenyewe. Serenje Kalindula walilibeba jina la muziki huo ndani ya jina la bendi.

Je, banjo ya bati ilishindwa na gita la umeme? Kwa macho, ndiyo, kwa kuwa katika picha za bendi hizo huioni. Kwa masikio, hapana. Besi ya umeme inarukaruka kama ile ya kienyeji ilivyokuwa ikirukaruka, na gita la mbele linajibu kwa haraka na ukavu wa banjo. Maneno ya Kibemba yanaendelea kutua pale methali inapotaka kutua. Chombo kimebadilika na sarufi imebaki. Ni kinyume kabisa cha gita la kiwandani lililotoa mlio wa sitari, ambamo mlio ulibadilika lakini aliyekuwa akisema alibaki yule yule.

Hata neno "jazi" lenyewe lilipokewa hivyo. Dar es Salaam Jazz, Tabora Jazz na Western Jazz hazikuwa bendi za jazi kwa maana ya Coltrane. Kwetu neno hilo lilipata maana ya bendi ya dansi. Mmarekani anaweza kusema tulikosea. Sisi twajua kwamba neno likihamia hupewa kazi inayohitajika katika nyumba mpya.

Kosa letu

Tusingeandika makala haya kama yangehusu muziki peke yake. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wetu mmoja aliandika insha ya fasihi simulizi kuhusu nyimbo za Mwenda. Katika mifano yake alinakili maneno jinsi yanavyotamkwa Katanga: "batoto" mahali ambapo sisi huandika "watoto", "kuya" mahali ambapo sisi huandika "kuja". Tulipiga mstari mwekundu chini ya kila neno. Pembeni tuliandika kwamba lugha ya data si sanifu, na kwamba upigaji wa gita hauhusiani na fasihi. Alama tuliyompa ilikuwa ndogo. Nyimbo zenyewe hatukwenda kuzisikiliza.

Leo tunaona kwamba tulifanya kosa lile lile la ukumbi wa New York, ila kwa upande wa pili. Wao walipiga makofi kabla usemi haujaanza. Sisi tuliufunga mlango kabla usemi haujaisha. Hatukuuliza kama gita la Mwenda na Kiswahili cha Mwenda vinazungumza. Tulitazama mavazi ya maneno yake, na kwa kuwa hayakushonwa kwa fundi wetu, tukaamua kwamba mvaaji hana la kusema. Mwanafunzi yule alikuwa ameliona jambo ambalo sisi tulihitaji kuvuka maji hadi Chisenga ili tulione. Tunamwomba radhi hapa hapa, kwenye karatasi ile ile ambayo wenzake wanaisoma.

Kiswahili sanifu tutaendelea kukifundisha, na katika insha ya mwanafunzi tutaendelea kukidai. Lakini data ni data. Msemaji wa Katanga hanakiliwi kwa kusahihishwa, kama vile raga haiandikwi kwa kuondolewa sauti zisizomo katika piano.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba sanaa mbili zikikutana, kuwapo kwa chombo cha mgeni hakuthibitishi kuwa pamekuwa na mazungumzo, na kutokuwapo kwake hakuthibitishi kuwa hapakuwa nayo. Mhakiki hana budi kuuliza ni sarufi ya nani inayoongoza, na kama kila upande umebadilishwa na ulichokisikia.

Bashikulu hakutuachia swali tu. Kijana mmoja alikuwa na banjo ya nyuzi nne, naye mzee akaiomba. Rekodi ilipopigwa mara ya tatu aliitafuta sauti ya nyumbani ya sitari, akaipata, akakaa hapo. Hakujaribu kuifuata sitari inakokwenda. Aligusa uzi mmoja, akanyamaza, akagusa tena pale nafasi ilipopatikana. Filimbi ilipokuwa ikikimbia aliiacha ipite. Mwishoni alituambia kwamba yule wa filimbi naye huzungumza, lakini ni pale tu anapokubali kungoja. Tumeirudia rekodi hiyo mara nyingi tangu hapo, na tunakubaliana naye.

Maswali ya kujadili darasani

1. Chagua wimbo mmoja wa taarabu wenye mahadhi ya Kihindi. Hesabu mizani ya beti mbili, kisha eleza ni wapi mahadhi yameungoja mshororo na ni wapi mshororo umenyooshwa ili uyafuate mahadhi.

2. Taja maneno matano ya mkopo katika Kiswahili. Ni yapi yamepata upatanisho wa ngeli kikamilifu, na ni yapi bado yanasema peke yake?

3. Sikiliza "Masanga" ya Mwenda na "India" ya Coltrane. Bila kutumia maneno "kuharibika", "maendeleo" wala "athari", andika kurasa mbili kujibu swali la Chisenga.